Karatasi Niliyomwandikia Jeruto

Jumanne, 3 Machi 1970

Daftari hili limebaki baada ya kuandika majina ya darasa jipya la ubatizo, na kwa kuwa sipendi karatasi safi ipotee bure, nitaandika humu habari za msimu huu. Mvua bado. Mashamba yamelimwa, mbegu ziko kwenye magunia, na hapa Kapseret kila mtu anatembea akitazama juu.

Darasa lina watu kumi na wawili. Wa mwisho alifika saa nne, amevaa suruali, koti refu la kijeshi na kofia, fimbo ya ng'ombe mkononi. Nilimtazama uso na mikono nikasema, "Karibu, mama." Waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Mmoja wao, Mnandi, akanirekebisha.

"Mwalimu, huyo si mama. Huyo ni mzee."

Mgeni mwenyewe hakucheka. "Andika Jeruto," alisema. "Mimi iko na bibi na watoto tatu. Nataka kubatizwa."

Nikaandika. Mwandiko wangu kwenye mstari huo ni mbaya kuliko mistari mingine yote, na sababu naijua.

Jumatano, 4 Machi

Waceke, mke wangu, anazijua habari za kila boma kuliko chifu, kwa hiyo amenieleza. Jeruto alikuwa mke wa Mnandi mmoja aliyenunua shamba pamoja na wenzake mwaka wa 1962, wakati mzungu wa jirani alipofungasha na kwenda zake. Mume akafa mwaka huohuo bila mtoto. Kwa desturi yao, mjane asiye na mtoto wa kiume anaweza kuposa msichana kwa ng'ombe, na tangu siku ya harusi yeye anahesabiwa mwanamume. Anakaa na wanaume, anasema na wanaume. Watoto wa yule msichana ni wake na wa marehemu, na anayezaa naye haulizwi jina. Jeruto alimwoa Tapkigen hivyo. Wana msichana wa miaka sita, Jesang, na wavulana wawili wadogo.

Marehemu ana ndugu anayeitwa arap Birech, ambaye amelitamani shamba hilo tangu siku ya mazishi. Mwezi wa nane wapimaji watakuja kuweka bikoni, alama za mipaka, na baraza la ardhi litaandika mrithi wa kila shamba. Jeruto akiwa mume wa Tapkigen, shamba ni la watoto. Asipokuwa, ni la Birech. Waceke aliyasema haya akipepeta maharagwe, kama mtu anayesimulia habari za bei ya sukari.

Jumapili, 8 Machi

Kanisani kwetu wanaume hukaa kulia na wanawake kushoto. Jeruto aliingia, akavua kofia, akakaa kulia, benchi ya mwisho. Mzee Nicanor, ambaye ndiye mzee wa kanisa mkubwa hapa na ndiye aliyetoa mabati, alisimama katikati ya wimbo akahamia benchi ya mbele. Wengine wakamfuata mmojammoja. Tulipofika kwenye sala Jeruto alikuwa na benchi nzima peke yake. Nikahubiri juu ya upendo. Nilihubiri vizuri sana.

Jumatano, 11 Machi

Nilimuuliza Jeruto baada ya darasa kwa nini anataka ubatizo. Wengi husema wameona nuru. Yeye alisema, "Jesang hakuli na mimi."

"Kwa nini?"

"Anakuja hapa Jumapili kwa bibi yako. Aliambiwa mtu hana ubatizo ataungua. Sasa akiniona analia. Anashika hii koti na analia. Mwalimu, mtoto hawezi kukua akililia baba yake na bado hajakufa."

Nikamwambia Waceke. Akasema ndivyo kitabu cha mafunzo kinavyosema na yeye hakukiandika.

Jumapili, 15 Machi

Mvua hakuna. Nitaandika jambo ambalo Waceke analijua nusu tu, kwamba baba yangu alifariki zamani.

Mimi ni mtoto wa Wamucii. Wamucii alikuwa mwanamke mjane, kule Nyeri, na alimwoa mama yangu kwa mbuzi kama mwanamume yeyote. Nilimwita baba. Yeye ndiye aliyenibeba mabegani mpaka shule ya misheni, na mwalimu alipouliza jina la baba, nikataja la mume wa Wamucii, mtu aliyekufa miaka tisa kabla sijazaliwa. Hakuna aliyeuliza zaidi. Wamucii alikuwa amesimama mlangoni na alinisikia. Hakulitaja jambo hilo njia nzima ya kurudi, wala siku nyingine yoyote. Alipokufa nilikuwa chuo cha wainjilisti na sikwenda kumzika, maana ningeulizwa ni nani yangu.

Wamucii alivaa nguo za kike mpaka kufa. Jeruto ni tofauti, sijui kwa namna gani. Lakini nikimwona kwenye benchi ile ya mwisho namkumbuka Wamucii pale mlangoni.

Jumapili, 29 Machi

Pasaka. Manyunyu kidogo asubuhi. Watu walishangilia manyunyu kuliko ufufuo.

Jumamosi, 4 Aprili

Mvua imefika kwa hasira. Tumepanda siku tatu mfululizo. Mgongo umekufa.

Jumapili, 12 Aprili

Mchungaji Gerishon alikuja kutoka mjini. Huja mara moja kwa mwezi, ana makanisa tisa na baiskeli moja, na simlaumu akisinzia. Baada ya ibada tulikaa kamati: yeye, Nicanor, wazee wengine wanne, na mimi nikiandika. Jambo lilikuwa moja. Jeruto aliambiwa angoje nje, akasimama chini ya ukingo wa bati, mvua ikimpiga miguuni.

Nicanor aliomba mpaka chai ikapoa, kisha akasema. Sitaki kumwandika kama shetani, maana si shetani. Dada yake alirithiwa na shemeji kwa nguvu, akafa kwa kipigo, na tangu hapo Nicanor akisikia neno desturi uso unambadilika. "Tukifungua huu mlango," alisema, "kesho mwenye mabibi watatu atakuja aseme na yeye ni desturi. Keshokutwa nani? Mungu aliumba mwanaume na mwanamke. Huyu ni mwanamke na hiyo nguo ni uongo."

Mzee mmoja alisema, "Lakini watu wake wanamjua ni mwanaume." Mwingine akacheka akauliza kama kuna mtu aliyeangalia, na wote wakacheka, mchungaji pia. Kati yetu na Jeruto kulikuwa na ukuta wa udongo na dirisha lisilo na kioo. Alisikia kila neno.

Mchungaji akaniuliza, "Ephantus, wewe unasemaje?"

Hapo ndipo ningesema. Nilisema tuliombee jambo hili.

Jumatano, 15 Aprili

Darasani tulisoma habari za yule towashi, mtumishi wa malkia, mtu asiyehesabiwa mwanamume kwao, aliyebatizwa kando ya njia. Jeruto aliinua mkono.

"Huyo mwinjilisti alimbatiza hapo hapo?"

"Hapo hapo."

"Aliuliza kamati?"

Darasa zima lilicheka. Na mimi nilicheka, kisha nikahamia somo jingine haraka.

Jumapili, 26 Aprili

Mvua. Mahindi yamechipua. Ng'ombe wa Waceke amekanyaga kitalu cha sukumawiki na mimi ndiye niliyelaumiwa.

Jumapili, 10 Mei

Kamati tena, kwa muda wa saa mbili na nusu. Jeruto alingoja nje, kwenye mvua. Mchungaji alisema hataki kumfukuza mtu anayemtafuta Bwana, hataki pia kashfa. Nicanor alitaka Tapkigen arudishwe kwao na watoto wake kabla ya ubatizo. Mimi nilisema kwa sauti ya upole kwamba tusiwe wakali. Wote waliitikia kwamba tusiwe wakali. Hatukuamua chochote.

Jumapili, 17 Mei

Nilikwenda kwa Jeruto baada ya ibada. Nilimkuta akinyoosha seng'enge, misumari mdomoni. Tapkigen alinipa maziwa ya mgando, mursik, kwenye kibuyu akarudi jikoni. Ni mwanamke mchangamfu, na alipopita nyuma ya Jeruto alimtoa jani shingoni bila kusimama. Jesang alikuwa amekaa mbali, juu ya jiwe, akimwangalia baba yake.

Nilimwambia Jeruto kwamba kamati inaona taabu. Nikasema, nikidhani namsaidia, kwamba labda angeeleza kuwa alivaa suruali kwa ajili ya shamba tu, ili nyumba isikose mrithi. Wazee wangeelewa jambo la shamba.

Alitoa misumari mdomoni. "Wewe, mwalimu. Nani alikuambia wewe ni mwanaume?"

"Hakuna mtu. Najua tu."

"Ee," alisema, na akagonga msumari mmoja mpaka mwisho. "Hata mimi. Nilikuwa msichana mdogo, najua. Wakanitahiri na wasichana, najua. Wakaniozesha, mzee wangu alikuwa mtu mzuri, bado najua. Nilikuwa nafikiri ni ugonjwa. Watu wanasema nilivaa hii koti kwa sababu ya shamba. Shamba ilinipatia ruhusa."

Katika miaka kumi na minne ya uinjilisti hakuna aliyewahi kunieleza roho yake wazi hivyo, na mimi nilikuwa nimekwenda kumfundisha kusema uongo.

Nilitaka kumwambia habari za Wamucii. Neno lilifika kwenye meno. Nikaomba maziwa zaidi.

Jumanne, 26 Mei

Palizi. Magugu yana nguvu kuliko mahindi.

Jumapili, 7 Juni

Leo nimefanya kazi ya maana, au ndivyo ninavyoona.

Kamati ya tatu. Jeruto nje, mvua ya mawe safari hii, akaziba kichwa kwa mikono. Mchungaji alikuwa amechoka na jambo hili. Akasema tutambatiza akikubali mambo manne: akiri kuwa yeye ni mwanamke, avae gauni, akae upande wa wanawake, na aache hiyo ndoa. Nicanor akaongeza la tano, Tapkigen aondoke. Hapo nilipata akili. Nilisema, kama si ndoa tena, basi Tapkigen ni mgeni tu, na hakuna sheria ya kanisa inayokataza mama mjane kukaribisha mgeni na watoto wake. Nikashika kalamu nikaandika mbele yao:

"Mimi Jeruto, mwanamke, nakiri mbele ya Mungu kwamba Tapkigen si mke wangu wala hakuwahi kuwa mke kwa haki, na watoto wake si wangu. Wanakaa kwangu kwa hisani."

Hilo la hisani ndilo lililowaokoa wasitawanywe. Mchungaji alinipiga bega. Hata Nicanor alikubali.

Nilitoka nikamsomea Jeruto pale ukingoni. Nilimweleza: nyumbani hakuna kitakachobadilika, mtakula pamoja, mtalala mnapolala, ni maneno ya hapa tu. Akaitazama karatasi.

"Jesang ataambiwa nimebatizwa?"

"Bibi yangu mwenyewe atamwambia."

"Na hii karatasi itakaa wapi?"

"Kwa sanduku la kanisa. Haitatoka."

Akatia kidole kwenye wino. Nilirudi nyumbani nikijipongeza.

Jumapili, 21 Juni

Ubatizo. Karatasi ilisomwa mbele ya watu wote, jambo ambalo halikuwa shauri langu, lakini sikulizuia.

Jeruto alivaa gauni la Waceke, la maua ya buluu, fupi kwake, na leso kichwani. Nimewahi kumwona mtu aliyevuliwa nguo na polisi barabarani wakati wa Emajensi. Alitembea hivyo. Akakaa kushoto, na wanawake, waliokuwa wakinung'unika tangu Machi kwamba anakaa na wanaume, wakasogea mbali. Mmoja alimvuta binti yake akamweka upande wa pili. Alikuwa na benchi nzima peke yake tena.

Waceke aliondoka alipokuwa na wamama wa chama, akaenda kukaa karibu naye. Hakumtazama. Alikaa tu, akafungua kitabu cha nyimbo kikawa cha wote wawili, ingawa Jeruto hajui kusoma.

Mchungaji alimwita kwa jina jipya la ubatizo, Damari. Hakuitika mpaka alipoitwa mara ya tatu.

Nje, Jesang alimkimbilia akamshika gauni, akalitazama, akauliza, "Baba, koti iko wapi?" Lakini alicheka, na waliporudi nyumbani alikuwa amemshika mkono. Kwa hiyo nilijiambia kwamba imekuwa vizuri.

Jumatatu, 22 Juni

Waceke amekataa kufundisha watoto Jumapili. Anasema anaumwa kichwa. Nilimuuliza kichwa kitauma Jumapili ngapi.

Jumapili, 5 Julai

Arap Birech amekuja ibadani mara ya pili. Mtu mgumu yule, mwenye kesi na kila jirani, na leo alikuwa na machozi. Aliniambia habari za Jeruto zimemgusa na yeye pia anafikiria kuokoka. Anaomba nakala ya ile karatasi, awaonyeshe wazee wa ukoo wao jinsi Bwana anavyobadilisha watu.

Nilikumbuka nilivyomwahidi Jeruto. Nikasema nitafikiri. Nicanor aliyekuwa kando akasema, "Mpe, Ephantus. Hapa kuna nafsi inaokoka na wewe unafikiri?"

Nikakaa chini nikaandika nakala, kwa mwandiko wangu mzuri ule wa vyeti, nikagonga muhuri wa kanisa. Nilijiambia kwamba nilimwahidi karatasi yenyewe haitatoka sandukuni, na kweli haijatoka.

Jumapili, 12 Julai

Birech hakuja. Mvua kubwa, labda daraja limefurika.

Jumapili, 19 Julai

Hakuja. Daraja ni zima.

Jumapili, 26 Julai

Sijalala vizuri wiki hii. Leo nilimwambia Jeruto nilichofanya. Alikuwa amevaa gauni, ameshika ndoo. Aliweka ndoo chini taratibu.

"Ulisema haitatoka."

"Nilisema."

"Mwalimu, wewe unajua kusoma. Mimi sijui. Nilikuachia hiyo kazi wewe."

Akachukua ndoo akaenda. Nilibaki nimesimama kwenye tope lake.

Jumanne, 11 Agosti

Nitaandika yote jinsi yalivyokuwa, ili nisije nikajipendelea baadaye.

Baraza la ardhi lilikaa chini ya turubai kwenye kiwanja cha soko. Bikoni zimekwisha wekwa. Walipofika kwenye shamba la marehemu, Jeruto alisimama. Alikuwa amevaa koti lake na kofia. Tapkigen na watoto walikaa mbele, chini. Wazee watatu wa Kinandi walisema bila kusita kwamba huyu ni mwanamume. "Tulikula ng'ombe ya hiyo harusi," mmoja alisema. "Kama yeye si mwanaume, basi turudishe ng'ombe kutoka tumboni."

Ilikuwa iishe hapo. Birech akasimama akatoa nakala yangu mfukoni.

Mwenyekiti aliisoma kwa sauti, polepole. Sikujua kwamba maneno yangu yanaweza kusikika hivyo. Si mke wangu. Wala hakuwahi kuwa. Si wangu. Birech akasema ni wazi, kaka yake hana mke mwingine, hana mtoto, na Jeruto mwenyewe ameapa. Wanaokaa pale wanakaa kwa hisani, imeandikwa, na hisani hairithiwi.

"Hiki kidole ni chako?" mwenyekiti alimuuliza.

"Ni changu."

"Sasa wewe ni mwanaume ama mwanamke?"

Jeruto alinitazama. "Uliza mwalimu," alisema. "Yeye ndiye alijua hiyo siku."

Niliitwa mbele. Nicanor alikuwa hapo, na nusu ya kanisa, maana mashamba yetu yalikuwa yakiandikwa siku hiyohiyo. Mwenyekiti akaniuliza kama muhuri ni wetu. Nikasema ni wetu. Akaniuliza kama maneno ni ya Jeruto.

Nikasema hapana. Nikasema maneno ni yangu, kila neno, na niliyatunga ili kamati iridhike, na huyu hakuwahi kusema hata moja. Nikasema tulimjadili mara tatu, naye amesimama kwenye mvua, wala hatukumwita ndani hata mara moja tumuulize. Nikasema yeye ni mume wa Tapkigen na baba wa watoto wale, na mimi najua ninachosema, kwa sababu mimi nililelewa na baba kama huyo, jina lake Wamucii, na nilimkana mbele ya mlango wa shule. Nilisema yote. Nilimwona Waceke ameziba mdomo.

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alinisikiliza mpaka mwisho, na alinihurumia, naamini.

"Mwalimu," alisema, "aliweka kidole mbele ya Mungu ama hakuweka?"

"Aliweka."

"Kwa hiyo kanisa linasema mambo mawili. Mimi nitachukua ile iko na muhuri." Kisha akamgeukia Jeruto, na hapa alikuwa anamfungulia njia, kila mtu aliiona. "Lakini kama ulidanganya huko kanisani, sema sasa. Sema tu, hii karatasi ni uongo, na sisi tutaitupa."

Wazee wa Kinandi wakamwambia kwa lugha yao, aseme. Tapkigen alimwambia aseme. Lilikuwa neno moja tu.

Jesang alikuwa amekaa karibu na miguu yake. Alikuwa amefundishwa, na Waceke, kwa kitabu chetu, wanaodanganya Mungu huenda wapi. Jeruto alimtazama mtoto, mtoto akamtazama yeye, na nilijua kabla hajafungua mdomo.

"Mimi sikudanganya Mungu," alisema.

Shamba limeandikwa Birech.

Jumatano, 12 Agosti

Mvua. Waceke alikwenda kwa Tapkigen na unga na blanketi, akarudi na macho mekundu. Anasema alikaa na Jesang akamwambia kwamba mambo mengine aliyomfundisha si kweli, hakuna baba anayechomwa kwa sababu ya koti. Jesang akamuuliza sasa aamini lipi.

Jumapili, 16 Agosti

Mchungaji amenisimamisha kazi ya uinjilisti mpaka kamati kuu ikae. Alisema kwa upole sana. Nimechoka na upole. Nilimwomba kamati hiyo itakapokaa nami niwe ndani, na Jeruto aitwe, apewe kiti. Alisema ataliombea.

Nicanor alinifuata mpaka njiani. Nilidhani ananitukana. Alisimama, akashika kofia yake kwa mikono miwili, akasema, "Mimi sikujua alivaa hiyo koti kwa sababu ya shamba." Nikamwambia haikuwa kwa sababu ya shamba. Akavaa kofia, akageuka.

Jumatano, 19 Agosti

Birech amewaondoa. Tapkigen amerudi kwao karibu na Turbo na wavulana na Jesang, kwenye lori la mahindi. Baba yake Tapkigen amekubali kuwapokea wao tu. Jeruto aliambiwa anaweza kubaki kwenye kibanda cha nyuma kama mjane wa ukoo, akivaa kama mjane. Aliondoka kwa miguu siku hiyohiyo, hakuna aliyejua wapi.

Alhamisi, 27 Agosti

Mahindi yamebeba vizuri mwaka huu, shamba la Birech kuliko yote. Jeruto na Tapkigen ndio waliolipanda.

Jumamosi, 29 Agosti

Nilisikia kwa mwenye lori kwamba kuna mtu mgeni Cheptiret, mwenye koti refu, anayechunga ng'ombe wa mwenye shamba mmoja. Nikaenda. Nilimkuta kwenye uwanda wa nyasi chini ya barabara. Pale wanamwita mzee na hakuna anayejua zaidi.

Alinisalimu. Alikuwa amekonda. Nilimuuliza kama ana habari za Turbo; akasema mtu hupita huko mara moja kwa wiki, Jesang anakula vizuri, mdogo ana kikohozi. Hawezi kwenda mwenyewe, baba yake Tapkigen hataki kumwona.

Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima na yote yalinitoka. Nilisema tu, "Mzee Jeruto, nisamehe."

Alikuwa akitazama ng'ombe. Mmoja alikuwa anaelekea kwenye mahindi ya watu, akaenda akamrudisha, akaja tena akasimama palepale.

"Nimekusamehe, mwalimu," alisema. "Mlinifundisha kusamehe ni lazima, na mimi nilishika yote mlinifundisha. Lakini usikuje hapa tena. Ukikuja watu watauliza mimi ni nani."